Bustani Ndogo ya Kuutuliza Moyo: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila msimu wa mvua unapokaribia, maswali huwa yaleyale. Mmoja anauliza bustani ya nyumbani inahitaji eneo kubwa kiasi gani, mwingine anauliza aanze na mboga ipi, na wa tatu, ambaye swali lake ndilo lililonisukuma kuandika mwongozo huu, anauliza kwa nini wenzake husema kwamba bustani huwaondolea mawazo ilhali yake yeye imemwongezea kazi juu ya kazi. Jibu langu ni kwamba utulivu hauji wenyewe kwa sababu tu mtu amechimba tuta. Unategemea bustani ilivyopangwa tangu mwanzo: iko wapi, ina ukubwa gani, ina mimea ipi, na mwenyewe huiendea saa ngapi. Shamba la biashara hupimwa kwa kilo na kwa bei ya soko; bustani ninayoieleza hapa hupimwa kwa hamu inayokutoa ndani kila siku kwenda kuitazama, na mboga za kupika ni faida inayokuja juu yake.

Maelekezo haya yanamlenga mtu anayeishi mjini kwenye joto la pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Mtwara, mwenye uwanja mdogo au baraza tu, na ambaye pengine ni mpangaji. Aliyeko kwenye baridi, kama Iringa au Limuru, anaweza kuyafuata hivyohivyo, ila ategemee mimea yake kukua polepole zaidi na bamia kumsumbua.

Nadharia nitaitaja moja tu. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uholanzi, ambapo watu 30 wenye bustani walipewa kwanza kazi ya kuwachosha akili, kisha baadhi yao wakafanya kazi ya bustani kwa nusu saa na wengine wakasoma ndani kwa muda uleule. Kotisoli, yaani homoni inayopanda mwilini mtu anapokuwa na msongo, ilishuka kwa makundi yote mawili, lakini ilishuka zaidi kwa waliokuwa bustanini, na hao ndio ambao furaha yao ilirudi kikamilifu. Uikumbuke hiyo nusu saa, kwa kuwa mpango wote wa bustani hii umejengwa juu yake.

VITU VYA KUANDAA

Ukiwa mpangaji, anza kwa kumwomba mwenye nyumba ruhusa na kumweleza kwamba hutachimba uwanja wake, kwa sababu kila kitu kitakuwa ndani ya gunia na ndoo. Kisha kusanya vifuatavyo:

- Gunia moja imara la kilo 50 lililobeba mchele, sukari au unga. Usitumie lililobeba dawa wala kemikali.
- Ndoo tatu kuukuu za lita 20, zilizotobolewa matundu matano au sita kwenye kitako. Zilizokuwa na rangi ya mafuta ziache.
- Udongo wa juu, samadi iliyooza, na mchanga kidogo iwapo udongo wako ni mfinyanzi.
- Mawe madogo au kokoto kubwa, kiasi cha karai moja.
- Kopo kubwa la bati lililotolewa kitako, kama yale ya maziwa ya unga.
- Mbegu za mchicha na za bamia kutoka duka la pembejeo, pamoja na vipando vya asumini, mrehani na mchaichai vya kuomba kwa jirani.
- Kopo la kumwagilia lenye matundu madogo.
- Glavu na viatu vinavyofunika vidole. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kwenye samadi, kwa hiyo hakikisha pia kwamba chanjo yako haijapitwa na wakati.
- Daftari dogo na kalamu.
- Kigoda. Wengi hukiona si cha lazima, lakini bustani isiyo na pa kukaa huendewa kikazi tu.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua mahali ambapo macho yako hupita bila kukusudia.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuipeleka bustani nyuma ya nyumba, karibu na choo au stoo, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Mahali hapo hapaonekani, na kisichoonekana husahaulika hadi mtu akikumbuke kwa majuto kikiwa kimeshakauka. Weka gunia lako unapoweza kuliona ukiwa umesimama jikoni, au ukiwa unafungua mlango asubuhi. Angalia kwanza jua: tazama kivuli kinapoangukia saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, na uchague pale panapopata jua kwa jumla ya saa sita au zaidi. Kama pana jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, hapo ni pazuri sana kwa pwani, kwa sababu jua la mchana la mwezi wa Januari na Februari huichoma hata mimea iliyozoea joto.

2. Anza na gunia moja na ndoo tatu, usizidishe.

Ninalisisitiza jambo hili kuliko mengine yote. Mtu akipata ari huweka magunia sita, hununua mbegu za kila aina, na kwa wiki mbili za mwanzo anafurahi kwelikweli. Wiki ya tatu maji yanakatika, kazini mambo yanabana, na bustani inageuka kuwa deni analoliona kila anapotoka nje. Gunia moja na ndoo tatu hunywa maji ambayo mtu mmoja anaweza kuyabeba bila kulalamika, na hupaliliwa kwa dakika chache. Ongeza chombo kingine baada ya miezi mitatu, na uongeze kimoja tu kwa wakati.

3. Chagua mimea kwa urefu wa kuisubiri.

Mimea minne au mitano yatosha, lakini isiwe ya tabia moja. Unahitaji ule unaokujibu haraka, ule unaokudai uje kila siku, ule unaokufundisha kungoja, na ile inayonukia.

Wa kukujibu haraka ni mchicha. Mbegu zake huota ndani ya siku tatu hadi tano kukiwa na joto na unyevu, na baada ya wiki tatu au nne unaweza kuanza kuvuna. Mtu aliyekata tamaa, aliyefiwa, au aliyepoteza kazi, huwa hana nguvu ya kusubiri miezi, na ndiyo maana humshauri kila anayeanza katika hali hiyo asianze na nyanya, ambazo licha ya kukawia huandamwa na magonjwa na wadudu wengi.

Wa kukudai uje kila siku ni bamia. Ua lake, la manjano iliyopauka lenye doa la zambarau iliyoiva ndani kabisa, hufunguka asubuhi na kufikia jioni huwa limeshanyauka. Asiyetoka nje siku hiyo hakuliona. Siku nne hadi sita baada ya ua, bamia yenyewe huwa laini na tayari kuchumwa, na ukichelewa siku mbili tatu hukomaa, hujaa nyuzi, na kisu hukataa kuikata. Kwa hiyo mmea huu hukujengea mazoea bila kukulazimisha, kwa sababu kila asubuhi kuna jambo jipya la kutazama na karibu kila siku kuna kitu cha kuchuma.

Wa kukufundisha kungoja ni asumini. Kipando chake huchukua muda mrefu kushika na kuchanua, lakini kikishazoea kitakuwa nawe miaka mingi. Chuma vitumba vyake alasiri vikiwa bado vimefumba, viweke kwenye kisahani, na vitafunguka chumbani usiku. Wanaojua kutunga vikuba, yaani vishada vya maua na majani yanayonukia ambavyo wanawake hujipamba navyo, watakuwa na la kufanya na mrehani wao pia.

Inayonukia ni hiyo asumini, mrehani na mchaichai. Harufu ni sehemu ya bustani ambayo vitabu vya kilimo huipita, ilhali ndiyo inayoingia moyoni kwa haraka kuliko zote: ukipitisha kiganja juu ya mrehani wakati wa kumwagilia, mkono hubaki ukinukia mpaka umeingia ndani.

4. Changanya udongo na ujaze gunia.

Changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi, na urudie hadi upate wa kutosha. Udongo ukiwa mfinyanzi, ongeza ndoo moja ya mchanga kwa kila mchanganyo. Kwenye maeneo yenye kichanga, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, acha mchanga na uongeze samadi. Samadi iwe imeoza sawasawa: haitoi harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na imekuwa nyeusi inayovunjikavunjika. Samadi mbichi huunguza mizizi, na hili ndilo chanzo cha miche mingi kufa katika wiki ya kwanza.

Kunja mdomo wa gunia kwa nje, simamisha lile kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, lijaze mawe, kisha jaza udongo kulizunguka. Udongo ukifikia ukingo wa kopo, livute juu taratibu, mawe yabaki mahali pake, uendelee hivyo hadi karibu na mdomo. Nguzo hiyo ya mawe hupeleka maji mpaka chini. Bila hiyo sehemu ya juu hulowa huku ya chini ikibaki kavu. Mwagilia gunia zima, liache siku mbili lijishindilie, kisha toboa vitundu ubavuni kwa kupishana, kila kimoja umbali wa kiganja na nusu kutoka kwa mwenzake. Usiukimbize mchanganyo huu. Mikono yako imo udongoni, na nusu ya unachokitafuta kinapatikana katika kazi hii.

5. Panda.

Mbegu za mchicha ni ndogo sana, nyeusi na zinang'aa. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisianguke kwa mafungu, zinyunyize juu ya gunia, na uzifunike kwa udongo mwembamba usiozidi unene wa ukucha. Mwagilia kwa kopo la matundu madogo, kwa sababu maji ya kumwaga na ndoo huzisukuma zote upande mmoja. Ubavuni utapandikiza miche ya mchicha baadaye, au marando ya matembele kama umeyapata.

Mbegu za bamia ziloweke usiku kucha, kisha panda mbili katika ndoo kwa kina cha sentimita 2, na zikiota ubakishe mche mmoja wenye nguvu. Ndoo ya pili iwe ya asumini, ya tatu ya mchaichai, na mrehani uupandikize pembeni mwa ndoo ya bamia.

Kuanzia siku ya tatu, inama uangalie kwa karibu. Utaona kwanza udongo umepasuka vijinyufa, kisha vikonyo vyekundu vilivyopinda ambavyo bado vimebeba ganda la mbegu kichwani, na kesho yake majani mawili membamba yaliyo mekundu upande wa chini. Wengi huikosa saa hii kwa sababu wanasubiri waone kijani kutoka mbali.

6. Jiwekee nusu saa, na uifuate kwa mpangilio.

Chagua wakati mmoja: ama asubuhi kabla ya shughuli, ama baada ya alasiri jua likiwa limepoa. Simu iache ndani. Keti kwanza kwenye kigoda kwa dakika chache utazame tu, bila kung'oa wala kurekebisha chochote. Kisha ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili: ukiwa mkavu mwagilia, ukiwa na unyevu acha. Kutazama kukimalizika ndipo upalilie, utafute wadudu chini ya majani, na uchume kilicho tayari. Mpangilio huu una sababu yake, kwani anayeanza na kazi humaliza kazi na kuondoka, na hakuna alichokipumzikia.

Onyo: maji mengi huua mimea ya wanaoanza kuliko kiu. Mtu mwenye wasiwasi humwagilia mara kwa mara kwa kutaka kusaidia, na mizizi huoza. Kidole ndicho kitakachokuamulia.

7. Punguza miche bila kuionea huruma kupita kiasi.

Mchicha ukifika kimo cha kidole, utakuwa umesongamana. Ng'oa iliyo dhaifu ili iliyobaki iachane kwa sentimita 5 hadi 10. Najua kazi hii huwauma wengi, hasa mara ya kwanza, kwa kuwa kila mche waliuona ukitoka. Miche iliyong'olewa ikiwa mizima pandikiza ubavuni mwa gunia jioni, na inayobaki ioshe uikaange. Hiyo ndiyo mboga laini kuliko zote utakazovuna.

8. Andika mistari miwili kila unapotoka bustanini.

Mstari wa kwanza uwe wa mmea na wa pili uwe wako. "Bamia imetoa ua la pili. Leo nimeamka mzito, nimetoka hapa nimepata nafuu." Inatosha. Baada ya miezi miwili, rudi nyuma usome, na utaona mwenyewe ni siku zipi bustani ilikusaidia na ni kazi ipi hasa iliyokusaidia: kwa mmoja ni kupalilia, kwa mwingine ni kumwagilia, kwa mwingine ni kule kuketi. Ukishaijua, iongeze.

9. Vuna, upike, na ugawe sehemu ya kwanza.

Kata mchicha sentimita chache juu ya udongo badala ya kuung'oa, nao utachipua tena mara kadhaa. Fungu la kwanza mpelekee jirani, hata likiwa dogo. Asiyejua jirani yake anaitwa nani atalijua jina lake siku hiyo, na kwa desturi ya pwani sahani iliyopeleka kitu hairudi tupu, kwa hiyo usishangae mchana wa pili ukiletewa ndimu, au kipando ulichokuwa ukikitafuta. Upweke wa mjini, ambao ni mzito zaidi kwa waliohamia kutoka mbali na kwa wazee waliobaki peke yao mchana kutwa, hupungua kwa njia hii kuliko kwa bustani yenyewe. Wazee waulize pia namna ya kutunza. Mzee aliyelima ujanani ana mengi ya kusema na mara nyingi hakuna anayemuuliza. Mtoto naye mpe ndoo yake mwenyewe, usimpe zamu ya kumwagilia ya kwako.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA

Miche imelala chini na shina limenywea usawa wa udongo. Huo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevu mwingi na msongamano. Ng'oa iliyougua, punguza maji, mwagilia asubuhi badala ya usiku, na upande tena kwa nafasi zaidi.

Kuna vijidudu vidogo vimejikusanya chini ya majani na majani yanajikunja. Hao ni vidukari. Wakiwa wachache wasugue kwa vidole vyenye maji. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji na uwapulizie jioni, au twanga majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, chuja na unyunyize. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

Kingo za majani zinakauka na kuwa za kahawia ingawa unamwagilia. Onja maji yako. Visima vingi vya pwani vina chumvi, nayo hujikusanya kwenye ndoo. Tumia maji ya mvua kila yanapopatikana, na mara moja moja mwagilia kwa wingi hadi yatoke kwenye matundu ya chini ili yaisafishe chumvi. Asumini ndiyo itakayoathirika mapema kuliko mchicha.

Kuku wa jirani wameparua kila kitu. Zungushia gunia wavu au matawi yenye miiba, na ufanye hivyo kabla ya kwenda kuzungumza na jirani, ili mazungumzo yawe ya kirafiki.

Nimesafiri na nimekuta vimekauka. Mchaichai na asumini usivikatie tamaa. Kata sehemu zilizokufa, mwagilia, na usubiri wiki mbili. Mchicha upande upya. Kabla ya safari nyingine, sogeza ndoo kivulini, funika udongo kwa nyasi kavu, na mwombe mtu amwagilie huku ukimruhusu avune akipike atakachokikuta.

Nafuata kila kitu lakini sihisi chochote. Tazama kwanza daftari lako. Kama unaingia bustanini ukiwa umechelewa, na simu mkononi, tatizo ni ule wakati; ubadilishe. Lakini ikiwa huzuni imedumu wiki mbili au zaidi, usingizi umepotea, chakula hakiliki, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu. Nenda kituo cha afya na umweleze mhudumu bila kuficha. Bustani inaweza kwenda sambamba na matibabu. Haiwezi kuyachukulia nafasi.

Nitahama nyumba, nifanye nini? Ndoo zitahama nawe. Zimwagilie siku moja kabla na uzifunge majani kwa kitambaa ili yasivunjike kwenye gari. Gunia halibebeki likiwa limejaa, kwa hiyo vuna mchicha wote isipokuwa shina moja lililonawiri, ambalo utakuwa umeliacha mapema litoe mashuke. Yakikauka, yapukuse juu ya gazeti, pepeta makapi, na uhifadhi mbegu kwenye chupa kavu yenye tarehe. Gawanya shina la mchaichai, chukua nusu na umwachie mpangaji anayeingia nusu, na umwoneshe namna ya kupima unyevu wa udongo kwa kidole.